Nyuso Zimefika, Hadithi Haijafika

Januari 2022 majumba ya sinema yalipokea filamu ya kijasusi iitwayo The 355, na majina yaliyokuwa kwenye bango lake yalitosha kumfanya mtu apange foleni: Jessica Chastain wa Marekani, Penélope Cruz wa Hispania, Diane Kruger wa Ujerumani, Fan Bingbing wa China na Lupita Nyong'o wa Kenya. Cruz na Lupita walikwisha kushinda Oscar. Chastain angepewa ya kwake Machi mwaka huohuo, kwa filamu nyingine. Wanawake watano wanaoijua kazi yao vilivyo, na hakuna aliyewekwa pale awe mchumba wa steringi. Steringi ni wao.

Kisha taa zinazimwa na hadithi inaanza. Kuna kifaa kidogo kinachoweza kuingilia mfumo wowote wa kompyuta duniani. Kimeibwa. Kinatafutwa Paris, kinatafutwa Morocco, kinatafutwa Shanghai, na kila kikipatikana kinapotea tena. Lupita ni Khadijah, bingwa wa kompyuta aliyeupa kisogo ujasusi wa Uingereza na sasa anarudishwa kazini na rafiki yake. Muda mwingi kazi yake ni kuwaelekeza wenzake adui amepita mlango gani. Mahali pamoja mpenzi wake anauawa, naye anashuhudia kwenye skrini bila uwezo wa kufanya lolote. Kwa sekunde chache uso wake unabeba uzito ambao filamu nzima haikuwa nao. Unamwona mtu akivunjika. Halafu filamu inamnyang'anya huzuni yake, kwa sababu ratiba inataka risasi ziendelee.

Duniani kote filamu hiyo ilikusanya takribani dola milioni 28, chini ya gharama za kuitengeneza. Lakini mauzo hayanishughulishi sana. Ninachokililia ni zile sekunde chache, kwa sababu tunajua mwigizaji huyu hufanya nini akipewa muda. Katika 12 Years a Slave ya mwaka 2013, Patsey anamweleza bwana wake kwa nini alitoka shambani bila ruhusa: alikwenda kwa jirani kuomba sabuni, maana amechoka kunuka. Maelezo ni mafupi tu, na dunia nzima ikamjua. Katika Us ya Jordan Peele, mwaka 2019, alibeba wanawake wawili wenye sura moja, Adelaide na Red, akawatenganisha kwa mwendo, kwa pumzi na kwa sauti ambayo ukiisikia mara moja huisahau. Na katika Queen of Katwe, ambayo Mira Nair aliiongoza Kampala, aliigiza mama anayelea watoto katika umaskini wa Katwe, akasimama wima kiasi kwamba mtu wa Afrika Mashariki anamtambua mama huyo kabla hajafungua mdomo.

Sasa tazama alivyotumiwa na studio kubwa baada ya kupokea Oscar Machi 2014. Katika Star Wars: The Force Awakens ya mwaka 2015 alikuwa Maz Kanata, kiumbe mdogo mwenye miwani aliyechorwa kwa kompyuta. Katika The Jungle Book ya mwaka 2016 alikuwa sauti ya mbwamwitu. Kazi ya sauti ni kazi ya heshima na sina ugomvi nayo. Lakini studio zilipata uso ambao kila mtu alikuwa anauzungumzia, na filamu zao mbili kubwa zikauficha. Katika The 355 uso ulionekana, na safari hii kilichokosekana kilikuwa mhusika wa kuvaa uso huo.

Tukitoka kwenye filamu za namna hii huwa tunasema waigizaji wamezembea, au mwongozaji hajui kazi. Mara nyingi tunawaonea. Kipaji hakipotei siku kamera inapowashwa. Kinakuwa kimeshapotea miezi mingi nyuma, kwenye meza ambako majina yaliuzwa wakati mswada haujaiva.

Kila Mei, mbali na zulia jekundu, Cannes huwa na soko la filamu. Watayarishaji hupeleka huko filamu ambazo hazijapigwa hata picha moja. Msambazaji wa Korea ananunua haki za nchi yake, wa Poland za kwake, na mikataba hiyo inakwenda benki kuwa dhamana ya mkopo wa kutengenezea filamu. Msambazaji hana muda wa kupima kama sehemu ya kati ya mswada inalegea. Lakini jina analijua, anajua watu wake watalilipia kiasi gani, na kwa jina hilo anatia saini. Ndivyo The 355 ilivyouzwa mwaka 2018: waigizaji watano walikwenda Cannes, wanunuzi wakagombania, na Universal ikachukua haki za Marekani. Chastain alikuwa amempa wazo hilo Simon Kinberg walipokuwa wakitengeneza filamu ya X-Men iitwayo Dark Phoenix, na alitaka wanawake hao wawe wamiliki wa filamu yao, wasiwe vibarua wa mtu. Nia hiyo naiheshimu kabisa. Katika tasnia ambayo kwa miongo mingi imewalipa wanawake pungufu, ilikuwa hatua ya kishujaa.

Ila siku ile Cannes mmoja wa watano alikuwa Marion Cotillard wa Ufaransa. Baadaye alijitoa, akaingia Diane Kruger. Kwa mtazamaji aliyekaa kitini hakuna dalili kwamba hadithi ilitikisika kwa mabadiliko hayo. Ondoa Mfaransa, weka Mjerumani, safari inaendelea. Fan Bingbing naye, mmoja wa majina matano yaliyouza filamu, anaingia kikamilifu wakati safari imekwenda mbali. Ni kukodi jahazi zima na manahodha watano kwa ajili ya kuvusha pishi moja ya mchele.

Amsterdam ya David O. Russell, iliyotoka mwaka huohuo wa 2022, ni ndugu wa damu wa filamu hiyo. Christian Bale, Margot Robbie, John David Washington, Robert De Niro, Rami Malek, Anya Taylor-Joy, Michael Shannon, Zoe Saldaña, Chris Rock, hata Taylor Swift. Dola milioni 80 zikatumika, zikarudi kama 31. Chini yake kulikuwa na kisa cha kweli chenye moto: njama iliyodaiwa kupangwa na matajiri wa Marekani mwaka 1933 ya kumpindua Rais Roosevelt, na jenerali mstaafu Smedley Butler akaifichua mbele ya kamati ya bunge. Filamu ingeweza kuwa hiyo tu. Badala yake kila chumba kinachofunguliwa kina staa mwingine anayesubiri kusalimiwa, na salamu zinapokwisha muda nao umekwisha. Shannon na Mike Myers wanacheza majasusi wapenda ndege, wanaingia, wanasema yao, wanatoka. De Niro anapofika hatimaye na jenerali wake, mzito na mtulivu, unagundua kwamba ulikuwa unamsubiri tangu mwanzo, na kwamba amecheleweshwa mno.

Kisa kinachofundisha zaidi ni cha nyuma kidogo, na bahati nzuri kiliandikwa hatua kwa hatua na mtu aliyekuwepo.

Mwaka 1987 Tom Wolfe alichapisha The Bonfire of the Vanities, riwaya nene kuhusu New York. Sherman McCoy, muuza hati fungani wa Wall Street mwenye nyumba Park Avenue, anapotea njia usiku katika mitaa ya Bronx akiwa na hawara yake. Gari lao linamgonga kijana mweusi. Kutoka hapo mwendesha mashtaka anayetaka kura, mchungaji anayetaka fedha na gazeti linalotaka wasomaji wote wanamvamia Sherman, kila mmoja na lake. Riwaya haimhurumii yeyote, na nguvu yake iko hapohapo. Warner Bros. ilinunua haki kwa dola 750,000 na kumpa kazi Brian De Palma. De Palma akafanya jambo ambalo waongozaji wachache wangethubutu: alimruhusu Julie Salamon, mwandishi wa filamu wa Wall Street Journal, akae nao tangu maandalizi hadi mwisho. Kitabu chake, The Devil's Candy, kilitoka mwaka 1991, na kwangu mimi hakuna maelezo bora kuliko hayo ya jinsi watu wenye akili wanavyoiua filamu yao wenyewe bila hata mmoja wao kukusudia.

Anza na Sherman. Kwenye riwaya ni mtu wa ukoo, mwenye kiburi cha kurithi, anayejiona bwana wa dunia. Mtayarishaji Peter Guber alimtaka Tom Hanks, ambaye wakati huo alikuwa kipenzi cha watu kwa vichekesho kama Big. Hoja ilikuwa kwamba mhusika hapendeki, basi apewe mtu anayependwa ili watazamaji wamvumilie. Hoja ina akili. Lakini baada ya muda si mrefu Guber alihamia Columbia, na De Palma akakuta chaguo limeshafanywa. Njoo kwa Peter Fallow, mwandishi wa habari. Wolfe alimwandika kuwa Mwingereza mlevi anayeishi kwa kulipiwa na wengine. Bruce Willis alikuwa ametoka kuvuma na Die Hard, jina lake lina thamani, basi Fallow akageuzwa Mmarekani. Kisha jaji. Kwenye riwaya ni Myahudi mkali wa mahakama ya Bronx, na Alan Arkin alikuwa ameshapewa nafasi hiyo. Ikaingia hofu kwamba filamu itaonekana inawadhalilisha weusi, kwa kuwa wengi wa wahusika wake weusi ni wadanganyifu. Arkin akaondolewa, jaji akawa mtu mweusi, akaletwa Morgan Freeman. Na kwa kuwa sasa kuna Freeman, mwishoni akaandikiwa hotuba ya kuwaasa watu wote waliojaa mahakamani wawe na utu.

Ukimsikiliza kila aliyefanya uamuzi peke yake, unamwelewa. Yaweke yote pamoja uone: mwenye kiburi amekuwa mtu wa kuonewa huruma, Mwingereza wa kudandia amekuwa Mmarekani wa mzaha, na hadithi ambayo haikumpa mtu yeyote mahubiri inamalizika kwa mahubiri. Walinunua riwaya kwa sababu ya ukali wake, wakaleta majina makubwa ili wailinde fedha, halafu wakaupunguza ukali ili ulingane na majina. Freeman, aliyekuwa ametoka kuzitikisa Driving Miss Daisy na Glory mwaka mmoja nyuma, alipewa kiti cha jaji na hotuba ambayo mwigizaji yeyote mwenye sauti nzito angeweza kuisoma. Gharama zilifika dola milioni 47. Mapato ya Marekani hayakufika hata milioni 16.

Wala ufundi haukukosekana. Filamu inaanza kwa Willis akiwa amelewa, anaingia kwa gari kwenye njia za chini ya jengo, anapita katika korido, anapanda lifti, anabadilisha nguo, anaingia ukumbini, na kamera inamfuata karibu dakika 5 bila kukatwa. Ukiiona sehemu hiyo peke yake utasema huyu mwongozaji ni fundi, na ni kweli ni fundi. Hanks naye, miaka 3 baadaye alicheza Philadelphia, na mwaka uliofuata Forrest Gump, akapokea Oscar mbili mfululizo. Mikono ile ile, uso ule ule. Kwa hiyo tusimtafute mchawi miongoni mwa waigizaji.

Kuna watu watakaosema kwamba filamu yenye mastaa wengi haiwezi kumtendea haki kila mmoja, muda hautoshi. Jibu langu ni garimoshi.

Mwaka 1974 Sidney Lumet alitengeneza Murder on the Orient Express kutoka riwaya ya Agatha Christie. Ndani ya behewa moja alikuwa na Albert Finney, Lauren Bacall, Sean Connery, Vanessa Redgrave, John Gielgud, Anthony Perkins, Wendy Hiller na Ingrid Bergman. Lumet alimtaka Bergman awe binti mfalme wa Kirusi, nafasi yenye vito na manyoya. Bergman akakataa. Akataka Greta Ohlsson, mmisionari wa Kiswidi asiye na mvuto, mwanamke anayezungumza Kiingereza cha kuokoteza. Ni nafasi ndogo, kubwa kwake ni kuhojiwa na mpelelezi Hercule Poirot mara moja. Lumet akaweka kamera mbele yake, akaiacha iende dakika zaidi ya 4 bila kukata. Katika dakika hizo Bergman anaogopa, anajikusanya, anatafuta neno, analipata, anaona aibu, anajitetea, na unaanza kuhisi kwamba nyuma ya unyenyekevu wake kuna kitu. Maneno aliyoandikiwa kuhusu watoto wa Afrika anaowafundisha ni ya dharau, na mtazamaji wa huku hawezi kuyasikia bila kukunja uso. Lakini hata dharau hiyo anaicheza kama udhaifu wa mtu huyu mahususi, mtu anayejidharau yeye kwanza. Mwaka uliofuata alipewa Oscar ya mwigizaji msaidizi.

Kenneth Branagh aliirudia hadithi hiyohiyo mwaka 2017. Alikuwa na Judi Dench, Michelle Pfeiffer, Willem Dafoe, Derek Jacobi, Johnny Depp, Daisy Ridley, Leslie Odom Jr., Olivia Colman ambaye mwaka 2019 angeshinda Oscar, na Penélope Cruz akiwa mmisionari, mahali pa Bergman. Filamu hii ilipata fedha nyingi, kama dola milioni 350, na ndiyo sababu naitaja: kupoteza vipaji hakumaanishi lazima kupoteza fedha. Jinsi ya kuvipoteza inaonekana waziwazi. Maiti inapogunduliwa, kamera iko juu ya dari ikitazama chini, tunaona visogo na mabega ya waigizaji ambao tumelipa kuona nyuso zao. Cruz anahojiwa kwa haraka, jibu moja, jibu la pili, tumeondoka. Colman ni mjakazi wa Dench na karibu hana neno. Wakati huohuo kuna muda wa kumfuata Poirot akikimbizana na mtu juu ya mihimili ya daraja kwenye theluji, jambo ambalo Christie hakulihitaji hata kidogo. Aliyepewa nafasi ya kupumua ni mmoja, Poirot mwenyewe, naye anaigizwa na mwongozaji. Pfeiffer tu ndiye anayefanikiwa kujichukulia chake kuelekea mwisho, na anapofanya hivyo unasikia uchungu kwamba wengine hawakupewa.

Muda ulikuwepo, basi. Filamu zote mbili zinakwenda karibu saa 2. Lumet alikaa na mtu mmoja mmoja kwa sababu aliamini kwamba fumbo la nani kaua ni fumbo la watu hawa ni nani. Branagh aliliamini behewa, milima na theluji.

Kuna upotevu wa aina nyingine, na huu unatugusa kwa sababu ya msichana aliyezaliwa Nairobi. Francesca Hayward alizaliwa huko mwaka 1992 kwa mama Mkenya na baba Mwingereza, akalelewa Uingereza, akaingia Royal Ballet ya London na kupanda hadi ngazi ya juu kabisa ya wachezaji wakuu. Katika filamu ya Cats ya mwaka 2019, Tom Hooper, mwenye Oscar ya uongozaji kwa The King's Speech, alimpa nafasi ya Victoria, paka mweupe ambaye kwa macho yake tunaingia katika dunia ya paka wenzake. Walikuwemo pia Judi Dench, Ian McKellen, Idris Elba, Jennifer Hudson na Taylor Swift. Dench alikuwa na historia na mchezo wa jukwaani uliozaa filamu hiyo: mwaka 1981 alikuwa kwenye mazoezi ya onyesho la kwanza jukwaani London, akaumia kano ya kisigino na kulazimika kujitoa. Karibu miaka 40 baadaye anarudi kuchukua zamu yake.

Wote wakavishwa manyoya ya kompyuta. Kwa mwimbaji hilo ni usumbufu, anaweza kulivuka kwa sauti, na Hudson alijaribu kwa machozi ya kweli. Kwa mchezaji wa balei ni kumfunga mdomo. Balei inasemwa kwa misuli ya shingo, kwa mgongo, kwa namna uzito wa mwili unavyofika sakafuni na kukataa kukaa hapo. Hayo ndiyo yaliyofunikwa. Juu ya manyoya kukawa na mkasi wa mhariri: Hayward anaanza mzunguko, picha inakatwa kwenda kwa paka mwingine anayeshangaa, tukirudi mzunguko umekwisha. Hooper alikuwa bado anaimalizia filamu hadi siku moja kabla ya uzinduzi wake New York. Baada ya kuanza kuonyeshwa, Universal ilituma kwenye majumba ya sinema nakala nyingine iliyorekebishwa, maana katika ile ya kwanza mkono wa Dench ulionekana wa kibinadamu kabisa, na pete yake ya ndoa kidoleni. Nimemwona Hayward katika vipande vya maonyesho ya Royal Ballet, akiwa Juliet. Mtu aliyemwona kwenye Cats pekee hajamwona.

Sasa turudi nyumbani, maana haya tunayowalaumu wenzetu nayo tumeyafanya kwa bajeti ndogo zaidi, na kwa hasara ambayo kwetu ni kubwa zaidi.

Tangu Girlfriend ya George Tyson mwaka 2003, filamu za Bongo zilijengwa juu ya sura za kwenye kava. Mnunuzi wa Kariakoo au wa Mombasa alikuwa anaangalia nani yupo: Steven Kanumba, Ray, JB, Wema Sepetu, Irene Uwoya, Monalisa. Msambazaji naye aliuliza hilohilo kabla ya kutoa fedha, kama yule wa Cannes. Kilichofuata kinajulikana na kila aliyeishi miaka ile. Filamu ilipigwa kwa siku chache, hadithi ya saa moja na nusu ikavutwa ikawa ndefu, ikakatwa katikati, ikauzwa Part 1 na Part 2 kwenye diski mbili. Ili ivutike, tukapewa dakika nzima ya gari likiingia getini, geti likifungwa, mtu akishuka, akipanda ngazi. Kanumba, ambaye alikuwa na uwezo wa kukaa kimya na bado ukamtazama, alitumia sehemu ya miaka yake michache akiendesha magari kuelekea majumba ya watu. Alifariki Aprili 2012 akiwa na miaka 28.

Mzee Majuto wa Tanga ananiuma zaidi. Amri Athumani alikuwa na kipaji cha nadra: angeweza kumgeuza baba mwenye nyumba bahili kuwa mtu unayemjua kutoka mtaani kwenu, kwa kulegeza taya tu na kuchelewa kujibu. Watayarishaji walijua anachekesha, hivyo wengi walimwita aje achekeshe. Kamera ikawashwa, akaambiwa ni baba wa fulani, mengine atajua mwenyewe. Na kweli alijua. Alibuni palepale na watu wakacheka Tanzania nzima. Lakini kubuni kwake kuliwafanya wenye filamu waamini kwamba hawakuhitaji kumwandikia. Alifariki Agosti 2018 akiwa ametuachia filamu nyingi mno, na ndani yake baba ambaye karibu ni yuleyule. Mtu aliyeweza kuchekesha kwa namna ile angeweza pia kutuliza, kumcheza mzee aliyetelekezwa na wanawe, au imamu anayebeba siri. Hatukumwona huko kwa kiasi alichostahili, na sasa haiwezekani.

Soko limebadilika. Diski zimekufa, kava limekufa nazo. Sinema Zetu ya Azam na Maisha Magic Bongo zinanunua, na majukwaa ya intaneti yanatafuta. Mwaka 2021 Amil Shivji alitoa Vuta N'kuvute, kutoka riwaya ya Adam Shafi, ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto. Hakwenda kutafuta mastaa wa kava. Nafasi ya Mwajuma, rafiki anayempokea Yasmin anapoikimbia ndoa yake, alimpa Siti Amina, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar. Mwajuma si mhusika mkuu, na bado ana nyumba, ana tabia, ana namna yake ya kukaa kibarazani na ya kumkaribisha mgeni asiyejua aanzie wapi. Mwandishi wa riwaya alishamjua, na mwongozaji akampa nafasi tuone kwamba anajulikana.

Monalisa yupo. JB yupo, naye ni mwigizaji mwenye kina kuliko karibu kila mswada aliowahi kupewa. Mama zetu wa maigizo ya redioni na jukwaani wengine bado wako hai Dar es Salaam na Nairobi, wanasubiri simu. Wenye fedha za kamera sasa wapo pia. Kabla hawajawapigia kuwauliza wanalipwa bei gani kwa siku, wamlipe kwanza mwandishi miezi 6 akae chini amwandikie Monalisa mwanamke mmoja kamili, mwenye kazi, mwenye deni, mwenye jambo analolificha, na wampelekee mswada huo mkononi akiwa na muda wa kuusoma na kubisha.